River Road: Mahali ambapo chakula hufuata magari

NI saa kumi na moja alfajiri katikati ya jiji la Nairobi. Mabasi yaliyosafiri usiku kucha kutoka Mombasa, Kisumu na Busia yanawasili moja baada ya jingine katika River Road na barabara zinazopakana nayo. Abiria wanashuka wakijinyoosha viungo, huku wapagazi wakigombea mizigo yao. Kabla ya kuuliza njia ya kuelekea waendako, wengi huuliza kwanza mahali pa kupata chai.

Jibu haliko mbali. Hatua chache kutoka mlango wa basi, sufuria za chai ya maziwa zinafuka moshi na mandazi yanaelea katika mafuta. Mhudumu anapangusa meza kwa kitambaa na kuuliza, "Chai na nini?"

Sifa ya River Road si njema. Mzazi wa mashambani anapomwaga mwanawe anayeenda Nairobi humwonya ajihadhari na barabara hii, kwamba ina wezi wa mifukoni, matapeli na walevi. Hata mwandishi Meja Mwangi, katika riwaya yake ya Kiingereza 'Going Down River Road' iliyotolewa mwaka wa 1976, aliitumia barabara hii kuonyesha dhiki za vibarua wa mjengo na starehe zao za usiku.

Hata hivyo, mwenyeji wa Nairobi huijua River Road nyingine. Kwake, hapa ndipo shilingi chache hununua mlo wa kushibisha na ndipo kila kona ya Kenya ina sahani yake. Anayetaka kuzipata sahani hizo hahitaji kitabu cha watalii. Anahitaji kuelewa kanuni moja tu: chakula hufuata magari.

Mpaka wa zamani

Wakazi huligawa jiji lao kwa Moi Avenue. Upande wa magharibi wa barabara hiyo kuna ofisi za serikali, benki na mahoteli makubwa. Upande wa mashariki, ardhi huteremka kuelekea Mto Nairobi. Huko utavuka Tom Mboya Street, kisha River Road, hatimaye Kirinyaga Road iliyo karibu kabisa na mto. Ni mto huo ulioipa River Road jina lake.

Mgawanyiko huu una mizizi katika ukoloni. Baada ya reli kufika mwaka wa 1899, mji ulikua kwa misingi ya rangi. Wazungu walijitwalia vilima vya magharibi, Wahindi wakajenga Ngara na Parklands, nao Waafrika wakasukumwa mashariki katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo na Kariokor.

River Road ilikuwa baina yao. Hapa duka la Mhindi lilikutana na mteja Mwafrika aliyekuja kwa miguu kutoka Eastlands. Kwa kuwa hoteli za Wazungu zilimfungia mlango, Mwafrika alikula, akanywa na kulala katika nyumba za upande huu. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, vikwazo hivyo vya rangi viliondolewa, lakini biashara ya kumhudumia msafiri mwenye pesa kidogo ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Matatu na mabasi ya masafa marefu yalipoongezeka, yalitafuta mahali ambapo wateja wao walikuwa tayari.

Steji na sufuria

Si ajabu basi kwamba ramani ya vyakula katika eneo hili hufanana na ramani ya steji.

Anza na Nyamakima. Hapa huegesha matatu za Naivasha, Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa na Nyandarua. Maduka ya nafaka yamejipanga kando ya njia yakiwa na magunia wazi ya maharagwe, ndengu, njahi na mahindi. Katika hoteli za karibu, nafaka hizo hizo hugeuka githeri, au hupondwa pamoja na viazi na majani ya mboga kuwa mukimo. Anayekula hapa anakula kilichopimwa kwa kilo hatua chache kutoka mezani pake.

Songa hadi Tea Room, steji ya magari ya Embu, Meru na maeneo mengine ya Mlima Kenya. Wauzaji wa miraa huketi na vifurushi vyao vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, nayo chai hunywewa mchana kutwa. Mteja wa hapa hana wakati. Gari likijaa litaondoka, kwa hivyo hupenda vyakula vilivyokwisha iva: chapati na ndengu, wali na maharagwe, au supu ya mifupa.

Katika Accra Road na vichochoro vyake, ambako wasafiri wa magharibi mwa nchi hupanda magari, ugali huwa mkubwa zaidi. Samaki wa kukaanga, omena, kuku wa kienyeji na mboga za asili kama vile mrenda, kunde na managu huandaliwa kwa ajili ya watu wanaojua ladha yake halisi. Mpishi anayechemsha mrenda vibaya hawezi kumdanganya mteja aliyelelewa Kakamega.

Kuelekea Latema Road na Luthuli Avenue utasikia harufu ya iliki na mdalasini. Hapa kuna mikahawa ya Waislamu inayoandaa pilau, biriani na mahamri kwa mbaazi, vyakula vilivyopanda kutoka Pwani pamoja na abiria wake. Wahindi nao waliacha alama isiyofutika. Chapati, sambusa, bajia na ndengu zimekuwa vyakula vya kila Mkenya, kiasi kwamba wengi hawakumbuki tena kwamba vilivuka bahari.

Namna ya kuchagua

Mwenyeji haangalii kibao kilicho juu ya mlango. Yeye huangalia ni nani aliyeketi ndani. Hoteli iliyojaa madereva na utingo huaminika zaidi, kwani watu hao hula hapo kila siku na hawatarudi wakipewa chakula kilicholala.

Wingi wa wateja pia ndio siri ya bei nafuu. Sufuria ya maharagwe huisha kabla ya saa nane, meza moja hukaliwa na watu wanne wasiojuana, na hakuna anayekaa baada ya kumaliza. Soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, haliko mbali, nazo nyama nyingi zinazoliwa jijini hutoka katika vichinjio kama vile vya Dagoretti, magharibi mwa Nairobi. Kwa hivyo bei ya kikombe kimoja cha kahawa katika mkahawa wa kifahari wa Westlands huweza kumlisha mtu mlo kamili River Road.

Mgeni anashauriwa aulize bei kabla ya kuagiza, anawe mikono, na achague chakula kinachotoka motoni badala ya kile kilichopoa. Simu isiachwe mezani karibu na mlango, na mzigo ukae miguuni. Kwa anayezingatia haya, hatari kubwa hupungua.

Baada ya mlo

Aliyeshiba ana mengi ya kutazama kwa miguu. Mahali pazuri pa kuanzia ni Msikiti wa Khoja, jengo la mawe lililokamilika mwaka wa 1922 katika makutano ya Moi Avenue na Tom Mboya Street. Ukishuka Moi Avenue utafika penye sanamu ya Tom Mboya, iliyozinduliwa mwaka wa 2011. Waziri huyo alipigwa risasi na kuuawa katika barabara hiyo hiyo, wakati huo ikiitwa Government Road, mnamo Julai 5, 1969.

Karibu na sanamu hiyo kuna Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, katika jengo lililokuwa zamani Benki ya India. Ndani yake mna mkusanyiko wa sanaa na vifaa vya Kiafrika vya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Maelfu ya watu hukutana mbele ya jengo hili kila siku bila kuingia ndani.

Chini zaidi, Luthuli Avenue ni soko la redio, televisheni na spika. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, ni makao ya vipuri vya magari. Ni katika barabara hiyo ambapo Kiburi House ilikuwa na ofisi za chama cha KAU na za vyama vya wafanyakazi kabla ya Uhuru. Ukiendelea mashariki utafika Kariokor, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko lake husifika kwa viondo, viatu vya ngozi na nyama choma inayokatwa juu ya ubao na kuliwa kwa kachumbari.

River Road yenyewe iliupa usanii wa Kenya jina. Filamu za bei nafuu, nyingi zikiwa vichekesho vya lugha za mama, zilirekodiwa na kuuzwa hapa katika diski hadi tasnia nzima ikaitwa Riverwood. Intaneti imeliua soko la diski, lakini jina halijafutika. Majina hapa hayafi upesi. Odeon na Globe yalikuwa majumba ya sinema. Leo ni majina ya vituo yanayoitwa na utingo ambao hawakuwahi kuona filamu humo.

Kinywaji cha jioni

Jua likitua, makaa huwashwa kandokando ya njia. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu kisha ukachomwa, hukatwa vipande na kuliwa watu wakiwa wamesimama, pamoja na supu moto ya kichwa na miguu katika kikombe. Baa nazo hufungua milango, mhasibu akiwa nyuma ya nondo za chuma.

Kinywaji cha mwenye kipato kidogo mara nyingi ni Senator Keg, bia iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2004 ili kuwavuta wateja kutoka kwa pombe haramu. Sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Sheria hiyo pia iliruhusu chang'aa kwa masharti ya ubora na ufungaji.

Masharti hayo yalikuwa na sababu. Mwaka wa 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika Mukuru kwa Njenga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mwenyeji hanywi asichojua kilikotoka. Aidha, haachi glasi yake bila mlinzi, kwa kuwa wapo wanaotia dawa ya kulevya, inayoitwa 'mchele' mitaani, katika vinywaji vya wengine ili wawaibie.

Magari yakiondoka

Hata hivyo, tishio kubwa zaidi kwa jiko hili si wezi. Kwa miaka mingi wakuu wa jiji wamekuwa wakitaka kuyaondoa matatu katikati ya Nairobi ili kupunguza msongamano. Mnamo Desemba 2018, Gavana Mike Sonko aliyapiga marufuku kuingia. Maelfu ya wafanyakazi walilazimika kutembea kwa miguu, na marufuku hiyo ikasitishwa haraka. Mwishoni mwa 2022, serikali ya kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja iliamuru magari ya masafa marefu yahamie kituo cha Green Park, na suala hilo likaishia mahakamani.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja. Barabara hizi ni nyembamba, moshi ni mwingi, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hana pa kupita. Luthuli Avenue ilipokarabatiwa mwaka wa 2019, njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa, wafanyabiashara walihofia kupoteza wateja. Leo maduka ya vifaa vya umeme bado yapo.

Lakini mfano huo hautoshi kuwatuliza wenye hoteli. Mnunuzi wa televisheni huja Luthuli kwa sababu ya televisheni, na atatembea ili aipate. Mlaji wa githeri Nyamakima yuko pale kwa sababu gari lake liko pale. Likipelekwa kwingine, atakula huko liendako. Pamoja naye wataondoka mpishi, mwosha vyombo, muuza mboga na mpagazi, na kodi ya nyumba ya hoteli italipwa na maduka ya vibanda vidogo vya nguo na simu, ambayo tayari yamechukua orofa nyingi za majengo haya.

Kwa hivyo mpango wowote wa kuhamisha steji unapaswa kuhesabu sufuria pamoja na magari. Kituo kipya kikijengwa bila nafasi ya hoteli za bei nafuu, abiria atafika alfajiri na kukuta lami safi, taa nzuri, na hakuna wa kumuuliza, "Chai na nini?"