Chakula Kinapokwama: Umio, Saratani na Kipimo cha Jeni

Mwezi huu tuzungumzie umio, yaani ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Saratani ya umio imeenea sana katika ukanda wa Mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupitia Tanzania, hadi Malawi na kusini zaidi. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata uji unapita kwa shida. Hapo matibabu mara nyingi huwa ni ya kupunguza mateso tu.

Je, haiwezekani kuigundua mapema? Inawezekana, kwa sababu saratani hii haianzi kwa siku moja. Kwanza, chembe hai zilizotanda ndani ya umio hubadilika taratibu kwa miaka, na mtu hasikii maumivu yoyote. Mwaka 2016 ulitolewa uchunguzi wa Hospitali ya misheni ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet nchini Kenya. Watu 305 wasio na dalili walipimwa kwa mpira wenye kamera, na umio ukapakwa dawa ya aidini. Chembe zenye afya hugeuka rangi ya kahawia, zilizoharibika hubaki nyeupe. Vinyama vilipochukuliwa na kutazamwa kwa darubini, karibu mtu mmoja kati ya saba alikuwa na mabadiliko hayo.

Msitishike. Si kila mwenye mabadiliko atapata saratani. Kazi ngumu ni kujua nani yuko hatarini, na hapo ndipo jeni zinaposaidia. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila chembe, yanayoiambia ikue lini na ikome lini. Mojawapo, iitwayo TP53, ni kama mlinzi wa zamu: ikiona chembe imeharibika, huizuia isizaane. Mlinzi huyo akiharibika, chembe mbovu huongezeka bila kizuizi.

Huko Ulaya wako watu wengi ambao umio wao umebadilika kwa sababu ya asidi ya tumbo kupanda juu kwa miaka mingi. Hali hiyo huitwa umio wa Barrett. Mwaka 2020 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza kwamba kwa kusoma jeni za vinyama vya wagonjwa hao waliweza kutambua walio katika hatari, hata miaka 10 kabla saratani haijaonekana kwa darubini. Faida yake ni kwamba mwenye hatari hutibiwa mapema, na asiye nayo hasumbuliwi kwa mipira ya mara kwa mara.

Kwetu saratani ya umio iliyo nyingi ni ya aina nyingine. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti wa jeni za uvimbe wa wagonjwa 552 kutoka nchi nane, Tanzania ikiwemo. Haukukuta alama ya pekee ya kueleza kwa nini sisi tunaugua zaidi. Kwa hiyo kipimo cha jeni cha kutabiri saratani hii bado si huduma ya kawaida katika hospitali zetu.

Tena tuelewane: mengi ya mabadiliko haya si ya kurithi. Hutokea ndani ya umio wenyewe mtu akiwa ameshazaliwa. Familia yenye mgonjwa isijione ina laana, wala isinyoshewe kidole.

Basi tufanye yaliyo mkononi mwetu:

1. Tuache chai na uji vipoe kidogo. Tangu 2016 vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 vimehesabiwa kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio.

2. Tuache tumbaku ya kuvuta na ya kutafuna, na pombe.

3. Jiko la kuni liwe na mahali pa kutolea moshi.

4. Chakula kikianza kukwama, au mtu akikonda bila sababu, asingojee. Aliyeko Kwala aanzie zahanati au kituo cha afya, aombe rufaa ya Tumbi, Kibaha, na ikibidi afike Muhimbili au Ocean Road, Dar es Salaam.

Baba anayeanza kusukumia ugali kwa maji kila tonge, au bibi aliyeacha nyama akahamia mtori bila kusema kwa nini, amekwisha kutupa dalili. Mezani nyumbani ndipo tunapoweza kuiona kabla ya kipimo chochote.