Gunia la Msaada na Gunia la Akiba

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen, akisha kuvuka mto Sabaki na kuipita Gongoni, hukuta jambo la ajabu akikaribia Marereni. Mkono wa kulia, kuelekea baharini, yako mashamba ya chumvi: vidimbwi vilivyochimbwa kwa mpango, na chungu nyeupe zing'aazo juani. Mkono wa kushoto ni mahindi, muhogo na kunde. Wa kulia huomba jua, wa kushoto huomba mvua. Wala si watu mbalimbali. Pengine nyumba ni moja, baba yuko shambani na kijana wake yuko kwenye kibarua cha chumvi. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye namna ya kuwagawia.

Katika miaka ya karibuni, upande wa kushoto ndio ulioumia. Tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini mwa Kenya, na Kilifi ikiwamo. Kisha, mwishoni mwa 2023, ikashuka mvua ya El Nino, na waliosalimika na kiu wakakutwa na gharika.

Wenye ilimu ya hewa hutueleza kwamba siri imo katika Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huwa nzito, kama ilivyokuwa 1961, 1997, 2019 na 2023. Mambo yakigeuka, mawingu hutukimbia. Na kwa kuwa ulimwengu wazidi kupata joto, hewa hubeba unyevu mwingi zaidi, hata mvua ikija huja kwa kishindo.

Je, wazee wetu walikuwa wakilima kwa kubahatisha? Hasha. Mwaka wetu wa Kiislamu hufuata mwezi, nao hutangulia mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja. Kwa saumu na hija watosha, ila kwa kupanda mbegu hautoshi. Ndipo watu wa pwani wakashika mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, wakauhesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Nahodha akajua lini kutweka tanga, na mkulima akajua lini kufyeka. Usiku wakakitazama Kilimia, zile nyota zilizopewa jina kwa ajili ya kulima, wakasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Lakini hesabu nayo yataka kuangaliwa. Nairuzi haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne, na kwa hivyo husogea. Siku ya mwaka, ambayo katika miaka ya 1860 iliangukia mwishoni mwa Agosti, leo huadhimishwa Makunduchi, huko Unguja, katika mwezi wa Julai. Mtu angepanda kwa mwongo wa babu wa babu yake bila kuinua macho, angeitangulia mvua kwa zaidi ya mwezi mzima. Wa kulaumiwa si wazee. Wao waliacha hesabu pamoja na jicho la kuisahihisha, nasi tumeacha vyote viwili. Leo jicho hilo limeongezewa nguvu. Utabiri wa msimu hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, na hufika kwa redio na kwa simu. Anayeusikiliza huku akikitazama Kilimia hajaasi mila.

Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Yusuf akaagua kwamba itakuja miaka saba ya neema na miaka saba ya shida, akawapa shauri la kuacha nafaka katika masuke yake, isipokuwa kidogo ya kula. Na alipotaka kukabidhiwa hazina za nchi, alijisifu kwa mambo mawili tu: kwamba ni mwenye kuhifadhi, na kwamba ni mwenye kujua. Hayo mawili ndiyo tunayoyahitaji Marereni.

Tuanze na kujua. Zamani mtama ulitawala mashamba ya pwani hii, nao ni mvumilivu wa kiu. Mahindi yalipotawala, tulipata ugali mweupe lakini tukapoteza ustahimilivu, kwa kuwa mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele, basi tena. Mkulima mwenye hekima hategemei mmea mmoja. Hupanda mahindi ya muda mfupi, akachanganya kunde na pojo, akatenga kipande cha mtama, na pembeni akaweka muhogo wa kungoja siku mbaya. Watafiti wa Mtwapa wamezalisha mihogo yenye kuhimili maradhi yanayoishambulia Kibandameno yetu tuipendayo. Mmoja waliuita Shibe, na mwingine Nzalauka, yaani njaa, ondoka! Aliyechagua jina hilo aliwajua wanaolima.

Na kujua ni pamoja na kuijua ardhi. Wagiriama walikuwa na desturi ya kuhamisha mashamba na kulima mahali zaidi ya pamoja, ili mvua ikikosa huku ipatikane kule. Mwaka wa 1914, baada ya upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni iliwafukuza kaskazini mwa Sabaki, yaani huku huku kwetu, na njaa ikawafuata. Baadaye ukaja mradi wa makazi wa Magarini, ulioendeshwa na serikali kwa msaada wa Australia kuanzia miaka ya 1970 hadi 1989. Mwitu ukafyekwa, na kila nyumba ikapimiwa kipande chake. Nia ilikuwa njema, ila mvua haikusoma ramani ile, na mradi ukafa. Kumsaidia mkulima kwaanza kwa kumwuliza alikuwa akifanyaje.

Sasa kuhifadhi. Tangu jadi mahindi yalitundikwa na maganda yake juu ya uchaga jikoni, moshi ukafukuza wadudu. Kisha, mapema katika miaka ya 1980, akatambuliwa Tanzania dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati, na haukupita muda akavuka mpaka akaingia Kenya. Mdudu huyu hupenda zaidi hindi lililo gunzini, maana punje zimeshikana naye hupata pa kujiegemeza atoboe. Basi kwa mahindi yetu ya leo, kuifuata hekima ya Yusuf ni kuanika hadi yakauke barabara, kupukuchua, na kutia katika magunia yasiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa pumzi. Tusicheze na unyevu. Mwaka wa 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika nchi ya Ukambani.

Aliyepima mavuno yake hujua pia kama zaka imemwajibikia. Shamba la mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na la kunyweshwa kwa taabu nusu ya hilo. Asiyepima huuza yote siku ya mavuno kwa bei ya kutupa, akanunua yale yale baada ya miezi mitatu kwa bei ya kumtoa machozi.

Wagiriama huzipa njaa zao majina. Ile ya mwisho wa karne ya 19, kiasi cha mwaka 1899, waliiita Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada yaliyoletwa. Yapata karne na robo imepita, na bado ukame ukishika twachungulia barabarani tukiyangojea. Hatuyakatai, maana mwenye njaa hakatai. Lakini gunia la msaada hufika wakati watoto wamekwisha konda. Gunia la akiba halisafiri. Liko pale pale nyumbani, limefungwa kamba, na mama wa nyumba ndiye ajuaye limebaki na pishi ngapi.