Kamera inaona samaki chini ya barafu, haioni kinachomuua mvuvi

Hanang. Shule zikifungwa, simu ya mzazi hugeuka kuwa ya watoto. Miongoni mwa video zinazowashangaza ni za wavuvi wa nchi za baridi kali: mtu amevaa makoti mawili, amekaa juu ya ziwa lililoganda na kuwa gumu kama sakafu, anatazama skrini ndogo. Ndani ya skrini hiyo samaki anaonekana akizunguka chambo, mita kadhaa chini ya miguu ya mvuvi.

Mtoto wa Nangwa anayejua uvuvi wa Ziwa Basotu au Ziwa Babati ana haki ya kuuliza. Maji yaligandaje? Samaki hawafi? Kamera hailowi?

Majibu yapo, na mzazi akiyafahamu ana nafasi nzuri ya kuzungumza na watoto kuhusu hatari mbili ambazo ziko karibu kabisa na nyumbani: jiko la mkaa chumbani na maji ya lambo.

Inavyofanya kazi

Uvuvi huu hufanyika katika nchi kama Finland, Urusi, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, kwa mfano Minnesota. Mvuvi hutoboa barafu kwa keekee kubwa, akapata shimo la upana wa sahani au zaidi kidogo. Ndoana hupita hapo. Kamera nayo huteremshwa kwa waya mrefu, mara nyingi kwenye shimo la pembeni ili waya wake usijisokote na mshipi.

Kamera yenyewe imefungwa ndani ya kasha lisilopitisha maji na ina taa ndogo. Picha hupanda kupitia waya hadi kwenye skrini inayotumia betri. Mvuvi huona kama chini kuna matope, mawe au majani, kama samaki wapo, na kama wanakikaribia chambo kisha wanakiacha. Kwa hiyo anajua abadili chambo au ahame.

Samaki hawafi kwa sababu maji yana tabia ya pekee. Huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi joto 4 za Selsiasi. Yakipoa chini ya hapo huwa mepesi, hubaki juu na kuganda. Barafu huelea kama kifuniko, na maji ya chini hubaki kuwa maji. Samaki huendelea kuishi humo, ingawa wengi hupunguza mwendo na kula kidogo.

Kamera hiyo ina udhaifu mmoja. Katika maji masafi huona mbali, lakini kwenye tope haioni kitu. Taa yake huangaza chembe za udongo na kumrudishia mvuvi mwanga mweupe, kama taa za gari zinavyofanya kwenye ukungu wa asubuhi. Mvuvi wa maji machafu hutumia kifaa cha mawimbi ya sauti badala yake.

Kisichoonekana kwenye skrini

Video nyingi huishia kwenye samaki aliyenaswa. Maandalizi ya usalama hayaonyeshwi.

Kabla ya kufungua mfuko wa kamera, mvuvi makini hupima unene wa barafu. Mamlaka za Minnesota hushauri mtu asitembee juu ya barafu mpya na safi yenye unene wa chini ya inchi 4, sawa na sentimita 10. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu zaidi. Kwa gari, unene unaotakiwa ni mkubwa kuliko huo.

Anayetumbukia ana muda mfupi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, anajulikana kwa kanuni ya moja, kumi, moja: dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na takriban saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi.

Hatari nyingine iko ndani ya hema. Wavuvi wengi hujikinga na upepo kwa kukaa kwenye hema au kibanda kilichofungwa, wakawasha kipasha joto cha gesi. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Mtu anaweza kuwa anamtazama samaki vizuri kwenye skrini huku sumu ikijaa kifuani mwake. Ndiyo maana wavuvi hushauriwa kuacha matundu ya hewa na kubeba king'ora kinachotambua gesi hiyo.

Jiko la mkaa wakati wa baridi

Hapa ndipo habari za barafu zinafika Hanang. Chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, miezi ya Juni na Julai si ya mchezo. Familia hufunga madirisha, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto.

Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi huonekana salama. Si salama. Makaa mekundu ndiyo yanayotoa gesi ileile inayoua ndani ya hema la mvuvi. Gesi hiyo hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni hata kama mtu anaendelea kupumua. Watoto hudhurika haraka kwa kuwa hupumua kwa kasi kuliko watu wazima. Mimba nayo iko hatarini, hata mama akiwa hajisikii vibaya sana.

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, kuishiwa nguvu na usingizi usio wa kawaida. Dalili kubwa ya kumshtua mzazi ni watu wawili au watatu wa nyumba moja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, kisha kupata nafuu wakitoka nje.

Yafuatayo yanaweza kuokoa familia:

• Jiko la mkaa liwashwe na libaki nje, au jikoni penye hewa ya kutosha. Lisilale chumbani hata likiwa limefunikwa majivu.

• Bakuli la maji kando ya jiko haliondoi gesi hiyo. Dirisha dogo lililoachwa wazi nalo si kinga ya kuaminika.

• Watoto wapashwe joto kwa nguo, soksi, blanketi la ziada na kulala pamoja.

• Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje haraka, kisha umpeleke kituo cha afya hata akizinduka. Usikae ndani kutafuta chanzo.

Lambo halina skrini

Wilaya ya Hanang ina maji ya aina nyingi. Kuna Basotu lenye samaki, Balangida lenye chumvi ambalo hupungua sana wakati wa kiangazi, na malambo yanayonywesha mifugo. Mvua zikinyesha, mashimo ya kuchimba mchanga na moramu nayo hujaa.

Maji hayo mara nyingi ni ya tope. Kamera ya mvuvi isingeona kitu humo, na jicho la mzazi aliyesimama ukingoni halioni pia. Mtoto akizama, hata aliye mita mbili kutoka kwake anaweza asimwone. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unaotafuta hewa hauna nafasi ya kuita.

Wachungaji wadogo waelekezwe wasiingie lambo kufuata ndama wala kuogelea peke yao. Kisima cha nyumbani kifunikwe, ndoo na mapipa yasiachwe na maji mahali anapotambaa mtoto. Mashimo yasiyotumika yafukiwe au yazungushiwe miiba.

Mtoto akizama, asiyejua kuogelea asijitose. Amrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri, kamba, au amnyooshee fimbo ndefu. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala kukandamizwa tumbo. Alazwe chali mahali pagumu, apuliziwe hewa mdomoni na kukandamizwa kifua katikati huku wengine wakitafuta usafiri na kupiga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya dharura.

Watoto wakiirudia video hiyo, mzazi anaweza kukaa nao na kuwauliza maswali matatu. Mvuvi huyu alijuaje kuwa barafu itambeba? Hema lake linapitisha hewa wapi? Akitumbukia, nani yuko karibu wa kumtoa? Wakishajibu, waulizwe hayohayo kuhusu chumba wanacholala na lambo wanalonyweshea ng'ombe.