Mkazo na Mizani katika Kwaya ya Krismasi

Frere Town, upande wa Kisauni, ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa. Waliokusanyika hapo walikuwa Wayao, Wamakua na wengineo, pamoja na Waafrika waliolelewa Bara Hindi, na lugha iliyowaunganisha kanisani ilikuwa Kiswahili. Mnara wa kengele yao ungalipo, na mtaa huitwa Kengeleni. Panafaa basi kuulizia hapo jambo ambalo watafsiri wa nyimbo za ibada hulipita upesi: neno la Kiswahili hupatwa na nini linapotiwa katika muziki uliotungwa kwa lugha nyingine?

Tuchukue "Messiah" ya Handel, iliyotungwa mwaka 1741 na kuimbwa kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka. Siku hizi sehemu yake ya kwanza huimbwa zaidi wakati wa Krismasi, na humo mna wimbo wa kwaya juu ya Isaya 9:6. Katika Kiingereza, habari ya kuzaliwa huishia kwa neno la silabi moja lenye mkazo, na juu ya silabi hiyo mtunzi amelundika mfululizo mrefu wa noti za haraka. "Amezaliwa" lina silabi tano, na mkazo uko juu ya *li*. Mtafsiri anayehesabu silabi tu hujikuta ameikabidhi *wa*, silabi dhaifu, mfululizo mzima. Dawa ni kuuanzisha juu ya *li*, na *wa* ingoje noti ya mwisho.

"Mtoto" nalo lina taabu yake. *M* yake ni silabi kamili, nayo hudai noti. Ikiangukia pigo zito, waimbaji hufumba midomo pale hasa wanapotakiwa kuifumbua. "Mwana" huimbika vizuri zaidi. Lakini aya hiyo hutaja kwanza mtoto, kisha mwana, na mtafsiri akitumia "mwana" mapema kwa ajili ya sauti, atakosa neno la kutofautishia baadaye. Kwa maoni yetu, hapa maana isitolewe kafara: heri kuongeza noti fupi ya kuipokea *m*.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuhangaike, maana ushairi wa Mvita, tangu Muyaka bin Haji, hupimwa kwa vina na mizani, si kwa mkazo, na shairi linapoghaniwa mkazo hulegea bila mtu kulalamika. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo inautosha wimbo wa taratibu unaoimbwa kwa sauti moja. Haiutoshi muziki wa Handel, ambamo sauti nne huingia kwa kupokezana na kila moja hulifunika neno la mwenzake. Katika msongamano huo msikilizaji hupata vipande tu, na mkazo ndio humwezesha kuviunga viwe neno.

Mwalimu wa kwaya aweza kuujaribu mstari uliotafsiriwa kabla ya kufundisha noti: waimbaji wausome kwa mapigo ya wimbo, bila tuni, na mtu mmoja asiyeujua akae mwisho wa kanisa, kisha aulizwe amesikia nini.