Mkulima akigongwa njiani: nani analipa msimu wenye ulipotea?

Leo niweke pembeni mbegu na ugonjwa wa migomba. Nataka tuongee juu ya mkulima mwenye anagongwa na pikipiki ao na gari. Mimi ni mwagronomi, si avoka. Lakini kila msimu nakuta shamba moja ao mawili yenye yamejaa majani, na nikiuliza mwenye shamba iko wapi, wananijibu: alivunjika mguu kwa aksida. Nikiuliza tena walimulipa nini, jibu ni karibu lile lile: mwenye kumugonga alilipa plasta na dawa za juma moja, kisha wakapatana. Na msimu? Msimu hakuna mtu aliutaja.

Kwa sheria yetu, ule msimu uko ndani ya deni. Kodi sivili kitabu cha 3, yenye ilitoka tarehe 30 Julai 1888, inasema kwa artikle 258 kwamba mwenye kosa lake limeletea mwingine hasara anapashwa kuitengeneza. Artikle 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu, maana yake huna haja ya kuonyesha kwamba alikusudia. Artikle 260 njo watu wanasahau: mtu anajibu pia kwa wale wenye wanamutumikia na kwa vitu vyenye viko chini ya ulinzi wake. Motari wetu wengi hawana pikipiki yao wenyewe. Wanafanyia mtu, jioni wanamupelekea versema. Ukigongwa na kijana wa namna hiyo, usibaki paka kumuangalia yeye na sandali zake. Uliza pikipiki ni ya nani. Mwenye kupokea ile feza ya jioni anaweza kuitwa naye mbele ya tribinali.

Kuna pia asiransi. Tangu sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye moteri kinalazimishwa kuwa na asiransi ya kulipa watu wa inje wenye wataumizwa, na mwenye kuumizwa anaweza kudai moja kwa moja kwa kampuni ya asiransi. Zamani ilikuwa SONAS peke yake. Kisha sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ikafungua soko, na tangu 2019 kampuni zingine zimeingia, chini ya uangalizi wa ARCA. Kwa hiyo soma jina lenye liko kwa karatasi ya gari, piga foto, piga pia foto ya plaki. Pikipiki mingi hazina asiransi, ninyi wote munajua. Hapo unarudia artikle 260 na mwenye chombo.

Kwa malori yenye yanatoka Mpondwe na Kasindi na plaki za Uganda ao Kenya, watu wanasema «huyu ni mgeni, ataenda, hatutamuona tena». Hapana. Mgeni huyo anapashwa kubeba kadi ya manjano ya COMESA, na Kongo iko ndani ya mpango huo. Ile kadi inafanya aksida ilipwe hapa kwetu, kwa sheria ya hapa. Chukua namba ya kadi mbele lori haijaondoka.

Sasa siku za kwanza, maana hapo njo kesi mingi zinakufia. Polisi ya barabarani (PCR) inapashwa kufika, kuchora krokí ya mahali na kuandika PV. Kama hawakufika, ndugu wa mgonjwa aende kwa OPJ siku ile ile ao kesho yake. Hospitali, ikuwe Kitatumba, Matanda, Graben ao hospitali kuu ya Beni, omba sertifika ya munganga yenye inaeleza kila kidonda, na lindeni kila fakture, ata ya teksi, ata ya chakula cha mwenye kulala na mgonjwa. Kisha mguu ukisha kupona kadiri unaweza kupona, munganga aandike karatasi ya pili yenye inasema ulemavu gani umebaki na ni asilimia ngapi. Bila hiyo ya pili, wataona kama ulipona vizuri.

Kuna kitu kimoja kinanikasirisha. Mwenye gari analipa amande kwa polisi, na jamaa wanarudia nyumbani wakifikiri mambo yamekwisha. Amande ni ya Serikali. Haiingie mfukoni mwa mgonjwa na haizimishe haki yake.

Kupatana si vibaya. Kwetu Wanande wazee wanaketi, wanaongea, na mara mingi wanamaliza haraka kuliko tribinali. Ila karatasi yenye unatia sahihi inakuwa na nguvu kama hukumu ya mwisho: ukiandika «nimelipwa yote, sidai tena», umefunga mlango. Kama munapatana wakati plasta iko bado kwa mguu, andikeni kwamba ile feza ni ya matunzo mpaka tarehe fulani, na mengine yanabaki.

Wasipopatana, kuna njia mbili. Kodi penali ya tarehe 30 Januari 1940, kwa artikle 52 mpaka 54, inaazibu mwenye kuua ao kuumiza kwa kukosa uangalifu, na mwenye kuumizwa anaweza kuingia ndani ya ile kesi kama parti sivili na kudai fidia kwa juji yule yule. Ni njia ya bei ndogo, ila angalia saa: kwa vidonda bila kifo azabu kubwa ni mwaka mmoja wa kifungo, kwa hiyo ile kesi ya penali inakufa kisha mwaka mmoja. Kwa kifo ni miaka 3. Wakulima wengi wanangojea mguu upone kwanza, kisha wavune kwanza, na mwaka unapita. Inabaki njia ya pili, kesi ya sivili peke yake, yenye muda wake ni mrefu sana (miaka 30), lakini hapo unalipa kuanzisha kesi na unabeba ushuhuda wote wewe mwenyewe. Na kwa sababu tangu tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa ilisukuma kesi za penali kwa justisi ya kijeshi, pita kwanza kwa grefe, uulize mlango gani unapokea kesi yako, mbele ya kulipa mtu wa kukuandikia.

Nirudi kwa shamba, maana hapo njo kazi yetu. Mfanyakazi wa ofisi analeta karatasi ya mshahara, juji anahesabu. Mkulima analeta nini? Mara mingi maneno tu. Basi juji anakadiria mwenyewe kile kinaonekana haki kwake (wenyewe wanaita ex aequo et bono), na kile kinatoka ni kidogo.

Tuseme mama wa Kyondo analima nusu ya hekta ya maharagi, na kwa kawaida anavuna kilo 300. Alivunjika mguu mwanzo wa Septemba, hakupanda. Hasara yake si kilo 300. Mbegu kilo 40 hivi zilibaki nyumbani. Na kama angelipa watu wa kupalilia kwa bei ya kilo 50, ile nayo hakuitoa. Inabaki kilo 210, mara bei ya soko ya mwezi wa kuvuna. Watu wanapenda kuandika 300, ao 600, wakiona ni ujanja. Avoka wa asiransi akiuliza swali moja tu juu ya mbegu, hesabu yote inaanguka. Ukitoa wewe mwenyewe vile havikutumika, wanakuamini kwa vingine.

Kakao ya upande wa Beni ni ngumu zaidi. Matunda yenye yameiva yakikosa mvunaji yanaozea kwa mti, na mti wenye haukukatwa matawi unazaa kidogo ata mwaka wenye unafuata. Kwa hiyo hasara inaweza kupita msimu mmoja, na inafaa kuandikwa hivyo.

Ushuhuda unatoka wapi? Bordero za mnunuzi wa kakao ao kahawa za misimu miwili mitatu ya nyuma. Daftari la koperative. Karatasi ya shefu wa lokalite yenye inasema shamba ni la nani. Kipimo cha shamba kwa GPS ya telefone, foto zenye tarehe, na ripoti ya mwagronomi mwenye alifika pale kwa miguu yake. Ripoti ya kurasa mbili inatosha: kipimo, mimea, mavuno ya kawaida, hali ya leo, hesabu. Siye malisansie tunaweza kuifanya kwa asubuhi moja, na kwa maoni yangu tusiombe zaidi ya transporti. Ila fikeni kabla majani hayajafunika kila kitu.

Kwa wale wenye wanafanya kazi ya mshahara kwa shamba la mtu ao depo ya kahawa, mlango mwingine ni CNSS, kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Aksida ya kazini, ata ya njiani ukienda ao ukitoka kazini, iko ndani, na mwenye kazi njo anapashwa kuitangaza. Kama hakukuandikisha, deni linamurudilia yeye.

Mwisho, feza za kesi. Mwenye hana uwezo anaomba karatasi ya umaskini kwa komini, na baro iko na ofisi ya ushauri ya bure yenye inaweza kumupatia avoka. Karatasi hiyo inaombwa mbele kesi haijaanza, na utaionyesha tena siku ya kuchukua hukumu, maana grefe nayo inakata sehemu yake kwa feza yenye juji ametoa.