Chema Hakijiuzi Bila Shahidi

Wahenga walituachia methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nathubutu kusema liko soko moja ambamo methali hiyo haina nguvu, nalo ni soko la jezi kuukuu za warushaji wa besiboli nchini Marekani.

Mchezo huo hauna mashabiki wengi kwetu, basi na tuanze kwa mfano. Mnamo 1968 Bob Gibson, mrushaji wa timu ya St. Louis Cardinals, aliwaruhusu wapinzani wastani wa mikimbio 1.12 tu kwa kila vipindi 9, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya walinzi. Katika mechi zake 13 msimu huo hawakupata hata mkimbio mmoja. Warushaji waliwalemea wapigaji mwaka huo hata ikabidi, mnamo 1969, kilima wanachosimama kipunguzwe kimo kutoka inchi 15 hadi 10. Hapana shaka jezi iliyoloa jasho la msimu kama huo ni hazina.

Lakini mkusanyaji ataitambuaje? Enzi hizo jezi zilishonwa kwa kitambaa cha sufu, na aghalabu klabu hazikuzihesabu kuwa kumbukumbu. Mchezaji alipewa chache tu. Zikafuliwa, zikatiwa viraka, kisha nyingi zikateremshwa kwa timu za daraja la chini. Katika pengo hilo ndimo walaghai walimopenya.

Ndipo mkusanyaji akalazimika kuwa mtafiti. Huzitwaa picha za mechi akazilinganisha na jezi iliyo mkononi: mistari ya kitambaa inakutana vipi kwenye mshono? Nambari imeinama kiasi gani? Kiraka kiko wapi? Tangu 2001 ligi kuu yenyewe ina mpango wa uthibitishaji: mashahidi huwapo uwanjani, na kila kifaa hubandikwa kibandiko chenye nambari yake.

Shahidi bora, hata hivyo, ni mvaaji mwenyewe. Mnamo 1956 Don Larsen wa New York Yankees aliwakabili wapigaji 27 katika mechi ya fainali za Marekani, asifike hata mmoja kwenye kituo cha kwanza. Alipoiuza sare aliyoivaa siku hiyo, mwaka wa 2012, ilinunuliwa kwa dola 756,000, fedha alizokusudia kuwasomeshea wajukuu. Je, sare hiyo hiyo, bila kujulikana ilitoka kwa nani, ingekuwa na thamani gani? Ingekuwa nguo kuukuu, basi.

Sisi wanaisimu twalifahamu jambo hili. Neno lililonakiliwa kijijini bila kutajwa msemaji, mahali wala siku, hata likiwa la ajabu namna gani, halithibitishi kitu. Mwanafunzi anayeandika dai bila kuonyesha alikolitoa anatuletea jezi isiyo na shahidi. Mwalimu naye asiinunue.