Picha nyingi ndani ya moja: Lubumbashi na mshono unaoonekana

Mjini Lubumbashi, mtu mwenye simu ya kisasa na mega chache anaweza leo kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio: kuchukua picha mbili, tatu au zaidi na kuzitia ndani ya moja. Baba aliyefariki anasimama kando ya wajukuu ambao hakuwaona. Ndugu wa Kolwezi na ndugu wa Kinshasa wanaonekana wameketi pamoja. Wakati wa kilio, picha za namna hiyo hupita haraka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kazi yenyewe si ngumu. Google Photos inapanga picha 2 hadi 6 katika fremu moja. Snapseed inalaza picha juu ya picha: unafungua ya kwanza, unaongeza ya pili, unaisogeza kwa vidole, kisha unaififisha mpaka ile ya chini ionekane. PicsArt inamkata mtu kutoka mahali alipopigiwa picha ili abandikwe kwingine. Picha ya karatasi inapigwa kwanza kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila flashi, kwa sababu flashi huacha doa jeupe usoni na doa hilo halitoki vizuri.

Swali gumu linakuja picha ikiisha kutengenezwa: atakayeiona atajua kwamba watu hao hawakusimama pamoja?

Mji huu una mtu aliyelijibu swali hilo kabla simu za aina hii hazijaenea. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2006 mfululizo wa picha unaoitwa « Mémoire », yaani kumbukumbu. Alikwenda kwenye viwanda vya Gécamines vilivyoachwa, akapiga picha za rangi za mabati yenye kutu, mashine zilizonyamaza na kuta zilizopasuka. Halafu akachukua picha za zamani za wakati wa ukoloni, akawakata wafanyakazi weusi na mabwana wa Kibelgiji, akawasimamisha katikati ya magofu hayo.

Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo marefu mbele ya picha hizo. Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji ukazaliwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la hapa likatoa mukuba wa kwanza. Kampuni ilitoa nyumba kwenye kampi, ilitoa posho, shule na hospitali, na ilimkamua mtu nguvu zake. Mwaka 1967 serikali iliichukua mali yake, na kampuni iliyofuata ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya kuporomoka, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka katika mpango wa « départ volontaire » uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi zilibaki na picha za baba akiwa kazini, bila kazi yenyewe.

Jambo la kuangalia katika kazi ya Baloji ni rangi. Watu wa zamani aliwaacha weusi na weupe. Magofu aliyaacha na rangi zake. Kwa hiyo mshono unaonekana. Hakuna anayedanganyika kwamba wafanyakazi wale walisimama pale mwaka 2006, na hapo ndipo picha inapopata nguvu: nyakati mbili zinatazamana, na mwenye kuona anajiuliza kilipita nini kati yake. Angeipaka yote rangi moja, ingekuwa ujanja tu.

Programu nyingi za sasa zinavutia upande mwingine. Zinalainisha kingo, zinasawazisha mwanga, na zile zenye akili bandia zinabuni hata kivuli cha mtu ambaye hakuwepo. Kwa picha ya harusi, si kitu. Lakini Wakongo wanajua hasara ya picha isiyosema ilikotoka: M23 ilipoingia Goma mwezi Januari 2025, picha za miaka ya nyuma na za nchi nyingine zilisambazwa kama za siku hiyo, na watu wenye ndugu kule walizipokea kwa hofu.

Familia inayotaka kumweka marehemu kati ya wajukuu inaweza kufuata njia ya Baloji bila kuwa msanii. Picha ya zamani ibaki nyeusi na nyeupe. Mwaka uandikwe pembeni, wa zamani na wa sasa, na jina la mahali. Picha asili zisifutwe baada ya kuunganishwa. Ni kosa la kawaida simu ikijaa, na kosa hilo halina dawa. Tena WhatsApp hupunguza ubora wa picha kila inapotumwa kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama dokima, inafika nzima, hata kama inakula mega zaidi.

Na kabla ya kuirudisha picha ya karatasi kwenye sanduku, ifaa kuipiga upande wa nyuma pia. Mara nyingi huko ndiko kuna muhuri wa studio, tarehe, na jina lililoandikwa kwa mkono wa mtu ambaye hayupo tena wa kuulizwa.